Mkaa Usioonekana

Nimeuza mkaa Shinyanga tangu kabla binti yangu Rhoda hajazaliwa, na mkaa ndio ulionifundisha kutomwamini mtu. Gunia linakuja limefura hadi shingoni, ukilimwaga unakuta chini kuna vumbi na mawe. Kwa hiyo mdogo wangu Donatus aliponiambia jikoni, kikombe cha uji mkononi, kwamba anatengeneza mkaa mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, nilimwuliza kama na wateja wake watalipa kwa noti zisizoonekana.

Alicheka. Mimi sikucheka.

Alikuwa amerudi kutoka Ujerumani mwaka ule mvua za El Nino zilipobomoa madaraja. Ufadhili wake ulikatika kabla hajamaliza masomo, akaja na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo. La pili alilibeba mwenyewe toka stesheni ya treni, akakataa hata mwenye mkokoteni kuligusa. Nilimpa chumba cha uani. Wiki haikuisha akaziba dirisha kwa maboksi, na mchana kweupe mwanga wa zambarau ukawa unapenya kwenye nyufa za mlango. Halafu ikaja harufu, yai viza tupu. Majirani wakaniuliza, nikawaambia ni dawa ya kunguni. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, lakini moyoni nilikuwa na yangu. Mtu hazibi dirisha bure.

Siku moja niliingia bila kupiga hodi. Sanduku la pili lilikuwa wazi: vichupa, taa ndefu nyembamba, mabeseni ya kioo. Donatus hakushtuka, na hilo pia likanitia shaka.

"Kaa, dada," akasema. "Ukimwaga kuni chini, zinakaaje?"

"Ovyo."

"Basi kuna dawa hapa, molekuli zake zina kichwa kinachopenda dhahabu. Ukiilaza dhahabu juu ya dawa, zinaifuata zenyewe, zinasimama juu yake bega kwa bega. Hakuna anayezipanga. Taa hii inazishikanisha zisiachane. Kisha natia kwenye kopo lisilo na hewa, naweka jikoni, zinakuwa mkaa."

"Hewa ikiingia unapata majivu," nikasema. Hilo nalijua. Tanuri la mkaa unalifunika udongo kwa sababu hiyohiyo.

"Umeona? Na mkaa wenyewe ni utando, kama ule wa maziwa yaliyopoa, ila mwembamba kupita kiasi. Una matundu madogo sana. Siku moja maji yatapita, kinachoyaharibu kibaki juu."

Alipotaja maji alimtazama Rhoda, aliyekuwa akifua uani. Rhoda alilelewa na bibi yake kule Kishapu, na maji ya kisima cha kule yalimpaka meno rangi ya kahawia. Alikuwa na miaka kumi na saba na bado alicheka kwa kuziba mdomo. Donatus aliona nami ninamtazama Rhoda, akaharakisha kusema kwamba utando huu hautafanya kazi hiyo, huu ni wa kujaribu tu, na dawa aliyobaki nayo inatosha mara moja. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Tapeli angeniahidi meno meupe kabla ya Krismasi.

Lakini dhahabu ilitoka kwa Fredy, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoamka upya. Fredy alikuwa dalali, kijana wa Bukoba aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji wa Mwakitolyo, mtu wa kuvaa koti la ngozi katika jua la Shinyanga. Alisikia neno Ujerumani akavutiwa. Akatoa kipande cha dhahabu kwa sharti moja: kirudi kwake uzito uleule, na huo mkaa wa Kijerumani ukipata soko naye awemo.

Dhahabu ilitakiwa ipondwe iwe nyembamba kama karatasi, na kazi hiyo mjini kwetu ilikuwa ya mtu mmoja, sonara Jashvant. Duka lilikuwa la baba yake kabla yake, karibu na soko. Kila mtu alimpelekea dhahabu yake na kila mtu alimshuku, kama wakulima wanavyomshuku mpima pamba. Ilisemwa kwamba Jashvant akishika pete yako, pete inakonda. Hakuna aliyewahi kuthibitisha. Mimi nilimuuzia mkaa wa kazi yake, na akija kulipa mwenyewe au mkewe Induben, walilipa sawasawa, nami bado nilihesabu mara mbili.

Nilikwenda na Donatus na Fredy dukani siku ile. Jashvant alikiweka kipande kwenye mizani mbele yetu sote, Fredy akainama mpaka pua ikakaribia kugusa sahani, akaridhika. Tukakiacha. Siku ya pili Donatus akaenda kuchukua karatasi ya dhahabu, ikiwa imekunjwa ndani ya karatasi ya kawaida. Haikupimwa tena. Hapa kwetu unampimia sonara ukileta mali, ukiichukua hupimi. Kupima mara ya pili mbele yake ni kumwita mwizi machoni, na ukishamwita hivyo hakutengenezei kitu tena. Desturi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Donatus alifanya kazi yake. Aliilaza dhahabu juu ya dawa kwa upande mmoja, akaiweka chini ya taa, akaifungia ndani ya kopo alilolikandika udongo, na kopo likakaa kwenye jiko langu, juu ya mkaa wangu, huku mimi nikiwa nimefukuzwa nisipikie hapo. Baadaye akaileta dhahabu kwenye beseni la aidini, ile dawa ya vidonda, aliyopata kwa mhudumu mmoja wa hospitali ya Kolandoto aliyesoma naye.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa aidini inaila dhahabu. Mkaa unabaki unaelea."

 Nilimwuliza kama Fredy anajua kwamba mali yake inaliwa. Donatus akasema itarudi yote, hakuna haja ya kumtisha mtu. Elimu yote ile, na hakujua kwamba mtu wa dhahabu anatishwa zaidi na kufichwa kuliko na hasara.

Fredy alikuja wakati uleule. Aliingia uani, akachungulia beseni, akaona vipande vyake vya njano vya mwisho vikiyeyuka ndani ya maji ya kahawia kama sukari. Ukelele alioutoa ulifika sokoni. Donatus akambembeleza, akanyonya yale maji ya kahawia kidogokidogo kwa mpira na kuweka maji safi mahali pake, akatia maji ya kahawia kwenye chupa, akatupia ganda la betri lililokwanguliwa likang'aa. Tope jeusi likashuka chini ya chupa. "Hii ndiyo dhahabu yako," akamwambia. Hebu fikiria mtu ameleta dhahabu ya njano, anaonyeshwa tope jeusi.

Walilipeleka tope kwa Jashvant, akaliyeyusha, na kweli ikatoka tone la njano. Fredy akapumua. Likawekwa kwenye mizani. Likapungua. Upungufu ulikuwa kama punje ya mtama, na kwenye dhahabu punje ya mtama si kitu kidogo. Jashvant aliangalia mizani, akaiangalia tena, akafuta miwani yake.  Nilimwona, na nilifikiri: huyu amezoea.

"Punje hiyo ndiyo mshahara wa mwizi," Fredy alisema, na hakuwa akimtazama Jashvant.

"Karatasi ilikuwa na pengo ukingoni," Donatus akasema. "Nilidhani nyundo imeichana. Niliiona nilipoikunjua."

"Karatasi ipi? Ile uliyoilisha dawa?"

 Habari ilifika Mwakitolyo kabla ya jioni: Shinyanga mjini kuna mtu ana dawa inayokula dhahabu. Kesho yake wachimbaji walikuja kwa baiskeli, wakiwa bado na udongo wa maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwenye miguu, wakasimama mbele ya nyumba yangu bila kusalimia. Mwanamke aliyenunua mkaa kwangu kila siku alipita akanunua kwa mwingine.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeanza. Donatus alipoingia bafuni nilipekua masanduku yake yote mawili. Nilipapasa mifuko ya suruali. Nilifungua hata dawa yake ya meno. Sikupata kitu, na sikutulia pia, maana punje ya mtama hata mdomoni inakaa.

Fredy alipeleka shauri kwa sungusungu, walinzi wa jadi. Kamanda wao mtaani kwetu alikuwa Bujiku, mfugaji aliyehamia mjini na ng'ombe wake wakabaki Kishapu, mtu wa maneno machache aliyewahi kurudisha mifugo ya wizi kutoka mbali. Sungusungu wakikukuta na hatia hawakupigi wala hawakufungi. Wanakutenga. Hakuna wa kukuambia mwangaluka asubuhi, hakuna wa kukuazima kaa la moto. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Na hawamtengi mtu peke yake, wanatenga nyumba. Nyumba ilikuwa yangu. Nikamfikiria Rhoda, meno yake ya kahawia, na sasa hata wa kumsalimia asiwepo.

"Dada," Donatus akaniambia, "utando uko kwenye beseni. Ulikuwa umelala juu ya ile dhahabu, una umbo lake lote. Kama karatasi ilikuwa na pengo kabla sijaigusa na dawa, utando nao una pengo. Lakini siwezi kulibeba beseni mpaka kwao. Waje hapa."

"Na wataonaje kitu kisichoonekana?"

 "Iko njia," akasema. "Ila ukishafanya hivyo, utando hauna kazi tena. Na dawa imekwisha."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayechinja ng'ombe wake wa mwisho wa maziwa.

Wakaja saa nne asubuhi. Wazee wa sungusungu walikaa kwenye magunia yangu, wachimbaji wakajaa nyuma mpaka ukutani, Fredy mbele na koti lake. Jashvant aliitwa kama aliyepima. Alisimama kando ya mlango, mkono wake wa kulia juu ya mfuko wa shati. Niliuona mkono ule tangu alipoingia. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo hushika kifua, lakini yeye alishika mfuko.

Donatus alitoa beseni kama anayebeba mtoto aliyelala, akaliweka juu ya kigoda. Maji matupu. Nyuma mtu akacheka, mwingine akasema, "Tumeitwa kuangalia maji."

"Poda ya Rhoda," Donatus akaniomba.

Nikamletea. Alinyunyiza juu ya maji, kidogo sana, mpaka uso wote ukawa na unga mweupe. Kisha akainama, akapuliza taratibu kutoka upande mmoja.

Poda ikakimbia, ikajikusanya ukingoni mwa beseni. Lakini katikati haikukimbia. Katikati ilibaki imetulia kama imelala juu ya kitu, na kitu hicho kilikuwa na ukingo, kipana upande huu, chembamba upande ule, kama jani. Alipopuliza tena, jani zima likasogea na poda yake bila kumwaga hata chembe.  Mkaa wa mdogo wangu ulikuwapo, mbele yangu, na ukingoni mwake kulikuwa na pengo, pembe tatu, safi, iliyokatwa kwa mkasi. Nyundo haichani hivyo.

Kwa sababu beseni lilikuwa dogo, tuliokuwa karibu tu ndio tulioona: Donatus, mimi, Bujiku, na Jashvant aliyekuwa amesogea bila kuitwa. Wazee wengine walikuwa bado wanajikokota kutoka kwenye magunia. Fredy alikuwa akibishana na mtu nyuma.

Bujiku aliinama karibu na maji. "Hii nimeiona," akasema polepole. "Ng'ombe akitiwa alama sikioni anakatwa hivi." Na kabla Donatus hajamzuia, alinyoosha kidole chake kinene cha mfugaji akagusa lile pengo.

Jani likajikunja, likapasuka, likawa madoa ya poda. Halikuwapo tena.

Fredy alifika, akatazama ndani. "Poda!" akapiga kelele. "Tunaonyeshwa poda ya mtoto!" Wachimbaji wakaguna. Mmoja akasema mchawi aondolewe, mwingine akaongeza kubwa zaidi. Donatus alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akitazama maji, na nilijua hakuwa akisikia. Mimi nilisikia yote. Nilitaka kupayuka kwamba nimeona, lakini nani angemwamini dada wa mshtakiwa? Hata mimi nisingemwamini.

Bujiku akainua mkono, wakanyamaza. "Alama haijiweki yenyewe," akasema. "Sikio likikatwa, kuna aliyelikata. Nauliza: nani aliitia alama dhahabu hii?"

 Nikageuka kumtazama Jashvant. Nilimtazama kama ninavyotazama gunia kabla ya kulimwaga. Kama angenyamaza, nyumba yangu ingetengwa na yeye angerudi dukani kwake, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kama angesema, angewathibitishia wachimbaji wote wa Mwakitolyo jambo walilokuwa wanamdhania miaka yote. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya miwani.

"Mimi," akasema.

Alitoa kiberiti mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ndogondogo zilizokunjwa, si moja. Akachukua moja, akaikunjua kiganjani. Pembe tatu ya dhahabu, ndogo kama punje.

"Nilikata baada ya kupima," akasema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini uani hapakuwa na sauti nyingine. "Baba alinifundisha. Mtu mgeni akichukua dhahabu ya mtu kwenda kuifanyia kazi, ikate alama ndogo, weka kipande. Ikirudi, kipande kikiziba pengo, ni ileile, haikubadilishwa kwa shaba. Sikujua kijana huyu ataiyeyusha. Ilipopungua kwenye mizani nilijua kwa nini. Nikaogopa kusema."

"Na hizo karatasi nyingine?" mchimbaji mmoja akauliza.

"Za watu ambao hawakurudi kuchukua vitu vyao." Akakifunga kiberiti. "Wengine maduara yaliwafukia."

Nilitaka kumwamini. Naapa nilitaka.

Bujiku aliagiza mizani ya Fredy mwenyewe. Tone likawekwa, na kipande kikawekwa juu yake, na mizani ikaonyesha uzito uleule wa siku ya kwanza. Fredy akaangalia, akakohoa, akamwambia Donatus, "Basi, kaka." Ndiyo radhi pekee aliyoitoa. Akachukua dhahabu yake akaondoka.

Lakini wachimbaji hawakuondoka. Walikuwa wamekuja kutafuta mwizi wa dhahabu, na sasa walikuwa wamempata mtu aliyekiri kukata. Mmoja alikumbuka pete, mwingine kidani cha marehemu kaka yake. Kikao kilichoanza kwa mdogo wangu kiliishia kwa Jashvant. Alijibu kila mmoja, na hakuna jibu lililomfaa yeyote. Sungusungu walimtenga yeye na nyumba yake mpaka mavuno ya pamba. Nilisikia hukumu na kifua changu kikapoa kwa furaha kwamba si mimi, na mara hiyohiyo nikaona aibu ya furaha ile.

Donatus alimwaga maji ya beseni kwenye shina la mpapai. Nilimwambia pole. Akasema, "Uliuona, dada?" Nikasema niliuona. Akasema basi. Alipata kazi ya kufundisha kemia sekondari, na kila barua ikija kutoka Ujerumani anaisoma amesimama.

Duka la Jashvant halikufungwa, lakini hakuna aliyeingia. Nilipita mara kadhaa na gunia kichwani na kujifanya ninatazama upande wa pili. Induben alikuwa mlangoni, akiwatazama watu waliokuwa wakimwita Mama Bhavna, kwa jina la mtoto wake, kila siku wakipita kimya. Moto wa kazi ulikuwa umezimika. Mkaa wao ulikuwa ukitoka kwangu.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa, nikiligeuza. Ilikuwa alama au wizi? Mtu wa alama halafu anaogopa kusema? Lakini mtu wa wizi angesema? Sikupata mwisho wake, na sijaupata hadi leo. Ninachojua ni kwamba alama ile ya kutotuamini ndiyo iliyotuokoa, na yeye ndiye aliyeilipia.

Asubuhi moja sokoni kukiwa kumejaa, nilijaza debe la mkaa, nikachukua kaa la moto jikoni kwa koleo, nikavuka barabara. Watu walinitazama. Bujiku mwenyewe alikuwa akinunua ugoro, akanitazama, kisha akageukia ugoro wake.

"Shikamoo, Baba Bhavna," nikasema kwa sauti ya sokoni.

Jashvant alisimama.  "Marahaba, Mama Rhoda."

Niliweka kaa kwenye jiko lake, nikapuliza mpaka likashika. Kisha nikatoa kwenye fundo la kanga hereni yangu moja, ya dhahabu, ya mama yetu, iliyokuwa imekatika ndoano mwaka mzima kwa sababu sikuwa na wa kumwamini nayo. Nikaiweka kwenye meza yake. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake karibu sana, nikamkodolea macho mikono.

Jashvant alinitazama, akatazama hereni. Hakukasirika. Alinyanyuka, akaigeuza meza ikaelekea mlangoni, kwenye mwanga, nipate kuona vizuri, kisha akaiweka hereni kwenye mizani.

Alipomaliza kuitengeneza, aliipima tena mwenyewe, kabla sijamwambia.